Mabawa ya Shingoni

Namkunda Mshana aliirudisha ramani nyuma kwa mara nyingine, akaiacha itembee tena kutoka asubuhi ya Ijumaa mpaka jioni yake, akitumaini kwamba safari hii ingekuja na jibu jingine. Haikuja nalo. Rangi ya chungwa ilianza juu ya mabati ya Machimbo kabla ya adhuhuri, ikaiva ikawa nyekundu, kisha ikaingia zambarau. Upande wa pili wa kilima, mtaa mkubwa wa Kalamba ulibaki njano mpaka jua lilipozama.

"Punguza unyevu kidogo," alimwambia Deusi, mwenzake wa meza ya pili. "Labda vihisi vya kule Machimbo vinazidisha."

"Nimeshapunguza. Nimepunguza mpaka naona aibu." Deusi alivua miwani akafikicha macho. "Zambarau iko pale pale, dada. Hili si kosa la vihisi. Hii ni keshokutwa yenyewe."

Namkunda aliinuka, akaenda dirishani, akarudi akakaa, akainuka tena. Joto peke yake halikumtisha. Joto mtu hupambana nalo: anatoka jasho, jasho linakauka, mwili unapoa. Lakini hewa ikishashiba maji, jasho halina pa kwenda. Linabaki juu ya ngozi kama mafuta, na mwili unaanza kujipika wenyewe kutoka ndani. Mtu mzima mwenye afya yake, amekaa kivulini, maji ya kunywa yako pembeni, anaweza kufa katika saa chache. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya zambarau, na Pacha hakuitumia rangi hiyo ovyo.

Pacha ilikuwa modeli, lakini watu wa ofisi za jiji la Marongo walimtaja kama mtu. Ndani ya kompyuta zake jiji zima lilikatwakatwa kuwa vijumba vya hewa, kila kimoja ukubwa wa chumba cha kulala, na katika kila kijumba Pacha alipiga hesabu ya joto, upepo na unyevu wa siku kadhaa mbele. Alijua ukuta upi unatunza jua baada ya magharibi, na uchochoro upi unavuta hewa. Kwa kufuata simu zao aliwajua hata watu: wangapi wanalala wapi, wangapi ni wazee, wangapi wagonjwa. Yeye ndiye aliyelishauri jiji lipake chokaa mapaa ya sokoni, lipande miti kando ya mto, na mwishowe lisimamishe mabawa.

Kutoka dirishani Namkunda aliyaona mabawa yenyewe. Yalisimama Shingoni, pale kilima kinapobonyea katikati ya mitaa miwili: safu ya kuta nyembamba za chuma na turubai, ndefu kuliko mnara wowote wa msikiti, zikizunguka juu ya mihimili. Upepo wa alasiri ulipoteremka kutoka nyanda za juu, mabawa yaliukamata yakausukuma upande mmoja. Upande mmoja tu. Ukiugawanya ulidhoofika, ukafia njiani usimfae mtu yeyote. Kwa hiyo baraza lilipitisha kanuni fupi, ambayo hakuna aliyeweza kuipinga siku ile: upepo uende kule utakakookoa roho nyingi zaidi. Kalamba ilikuwa na watu mara sita ya Machimbo. Tangu mabawa yasimame, katika siku mbaya kabisa, Machimbo haikuwahi kupata upepo hata mara moja.

Namkunda alichukua kompyuta yake ya mkononi, akapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

*

"Wangapi?" aliuliza Gervas Kapinga, Mkurugenzi wa Jiji, hata kabla hajamkaribisha kiti. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, mhandisi wa maji kabla hajawa mkubwa, na hakuwa na tabia ya kuzungukazunguka.

"Machimbo, kama mia mbili. Tukiugeuza upepo kwao, Kalamba watakufa zaidi ya elfu."

"Basi kanuni inajieleza."

"Sikuja kubishana na kanuni, Mkurugenzi. Nimekuja kuomba tuwaambie. Kila mara tunatangaza kwamba kutakuwa na joto, kaeni ndani, kunyweni maji. Hatujawahi kuwaambia kwamba tunajua, siku mbili kabla, kwamba upepo hautakwenda kwao. Wao wanakaa wanaungoja."

Kapinga aliigeuza skrini ya mezani kwake ili aione. "Unadhani mimi silali kwa raha zangu tu? Asubuhi nilimuuliza Pacha swali hilo hilo. Tuwaambie, au tusiwaambie. Soma."

Namkunda alisoma. Wakikaa, mia mbili. Wakiambiwa, mia tatu na zaidi. Chini yake Pacha alikuwa ameeleza sababu zake kwa ufupi, kama kawaida yake. Machimbo ilikuwa ndani ya shimo la zamani la kokoto, na njia ya kutoka ilikuwa moja, ule mwinuko wa Shingoni, hauna mti wala kivuli. Watu wakisikia habari watasitasita, watafungasha vitu, watabishana, kisha wataondoka wote kwa pamoja wakati jua limeshawaka. Watakwama mlimani. Watafia barabarani.

"Tuwapelekee mabasi," Namkunda alisema.

"Mabasi mangapi, kwa barabara ile? Na ukishapeleka basi la kwanza umeshatangaza."

"Sehemu hii ya modeli naijua. Imejengwa kwa kumbukumbu za watu waliokimbia mafuriko na moto katika miji mingine. Hatuna kumbukumbu ya watu wa Machimbo wakiambiwa ukweli, kwa sababu hatujawahi kuwaambia."

"Una namba nyingine iliyo bora kuliko hii?"

Namkunda aliisoma skrini tena toka juu.

"Nakuuliza kwa heshima, Dokta. Unayo?"

"Sina."

"Basi unachoniomba," Kapinga alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ni niue watu mia moja zaidi ili roho yako itulie."

Alitoka mle ofisini. Kilichomuuma hakikuwa ukali wa maneno. Kilichomuuma ni kwamba hakuona mahali pa kuyakanusha. Miaka yote hii alikuwa anawaambia madiwani wamwamini Pacha, wasifuate hisia zao. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na hisia, na hakuwa na namba yoyote ya kuitegemeza.

*

Alhamisi mchana aliteremka Machimbo. Alijiambia kwamba anakwenda kukagua vihisi, na kweli alikagua viwili, kimoja kwenye nguzo ya umeme na kingine juu ya choo cha shule. Vyote vilikuwa vizima. Hewa ilikuwa nzito tayari. Kuta za jiwe zilizouzunguka mtaa pande zote zilitema joto kama mawe ya jikoni, na nguo zilizoanikwa tangu asubuhi zilikuwa bado zinadondosha maji.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Bi Mwajabu Kondo, alimkuta akiteremka kwenye ngazi ya choo. Alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa jiji. Nimekuona kwenye televisheni unaelezea yale mabawa." Alimtazama toka juu mpaka chini. "Njoo ukae kivulini, utaanguka hapo."

Kibarazani kwake alikuwapo mumewe, Mzee Mbaraka, amekaa kwenye kiti cha kamba, mgongo umenyooka. Alivunja kokoto katika shimo hilihili tangu ujana wake mpaka machimbo yalipofungwa, na vumbi la mawe lilimbaki mapafuni. Kila pumzi aliyovuta ilisikika. Hata hivyo aliinua mkono akamsalimu mgeni kwa bashasha, akaagiza apewe maji kabla hajaulizwa hali.

"Redio inasema kesho kutakuwa na joto," Bi Mwajabu alisema. "Inasema tukae ndani, tunywe maji. Mwezi wa pili ilisema hivyohivyo. Jirani yangu Siwema alikaa ndani, akanywa maji. Tulimzika Jumapili." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Sasa nakuuliza wewe, maana hawa wengine huwa hawafiki huku. Upepo kesho mnautupa wapi?"

Namkunda alikunywa maji yote. Alijibu kama alivyofundishwa kujibu, kwamba upepo ni kitu cha kubadilikabadilika, kwamba wataalamu wanaendelea kufuatilia. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiyasema, laini, iliyozoea vipaza sauti. Bi Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akashika tena kitambaa alichokuwa akikishona.

"Haya, mwanangu. Ahsante kwa kufika."

Namkunda aliaga. Alikwenda mpaka kwenye pikipiki yake ya umeme, akaiwasha, akaizima. Alizunguka nyuma ya shule, akarudi. Watoto waliotoka darasani walimpita wakimshangaa. Alifikiria mia mbili, akafikiria mia tatu. Mtu akikaa kimya watu wakafa, ni hali ya hewa iliyowaua. Akisema wakafa, ni yeye. Na je, kama Kapinga alisema kweli, kwamba kinachomsukuma ni kutaka kulala usingizi tu? Alijiuliza swali hilo kwa dhati, na hakupata jibu lililompendeza. Lakini miguu yake ilikuwa imeshamrudisha barazani.

"Nimewadanganya," alisema akiwa bado amesimama. "Upepo hautakuja. Tunajua tangu jana. Utakwenda Kalamba, kwa sababu Kalamba ni wengi."

Mashine ya kushona ilinyamaza. Mzee Mbaraka aligeuza kichwa polepole.

"Na kuna jambo la pili, lazima mlisikie pia. Pacha anasema mkikimbia watakufa wengi kuliko mkikaa. Mtakwama Shingoni jua likiwa kali. Ndiyo maana hawataki mwambiwe. Sijui kama amesema kweli. Kwa joto simkumbuki akikosea. Kwa watu, sijui."

Bi Mwajabu hakupiga kelele, wala hakulia. Alikaa akimtazama, na Namkunda akaona mkono wake unavyoikunja na kuikunjua ile futi.

"Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningeondoka leo. Au kesho kabla hapajapambazuka sawasawa, wale wasiojiweza wakitangulia. Kufika saa mbili asubuhi mwinuko unaanza kuwa mbaya. Kufika saa nne haufai kabisa."

"Na anayechagua kubaki?"

"Alowanishe mashuka, akae chini, asikae peke yake." Alimtupia jicho Mzee Mbaraka. "Lakini kwa wengine haitatosha."

Bi Mwajabu aliinuka, akatoka uani, akaanza kuita wajumbe wa nyumba kumi kwa majina yao.

Mkutano ulifanyika palepale kwenye uwanja wa shule, jua likianza kuelemea magharibi. Namkunda alilazimika kurudia yote mawili, na safari hii mbele ya mtaa mzima. Kuna mwanamume aliyemwita muuaji. Mwanamke mmoja aliuliza Kalamba watawapokea wapi, kwani walishawahi kuwapenda lini? Wengine walisema hawahami kwa maneno ya kompyuta iliyowanyima upepo miaka yote hii. Bi Mwajabu hakuwaamuru. Alisema tu kwamba kila nyumba iamue yenyewe, na nyumba itakayoamua kutoka imjulishe ili apange nani atangulie na nani afuate. Orodha ilipokamilika giza lilikuwa limeshaingia, wakakubaliana kuondoka alfajiri.

"Mimi nakaa," alisema Mzee Mbaraka waliporudi barazani. "Mlima ule sijaupanda mwaka huu hata kwa msiba. Wewe nenda na wenzako."

"Siendi bila wewe," mkewe alijibu, akifunga mkeka kwa kamba. "Ukikaa, nakaa."

Mzee aliitazama kamba ya mkeka ikikazwa. Kisha akaomba viatu vyake.

*

Walianza kupanda kukiwa na weupe kidogo mashariki. Namkunda alikuwa juu Shingoni, akiwatazama wakija kama mstari wa kanga unaojivuta kutoka shimoni: wagonjwa kwenye mikokoteni na pikipiki, kina mama wenye watoto, nyuma yao vijana wamebeba madumu. Hawakukimbia. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Wa kwanza walivuka upande wa Kalamba jua halijatoka. Moyo wake ulianza kupata nafasi kifuani.

Kisha simu ikalia.

"Umefanya nini?" Kapinga hakumsalimia. "Pacha ameniamsha hapa ofisini. Anaona simu za watu elfu kadhaa zinapanda mlimani. Barabara nzima imekuwa nyekundu kwa wingi wa watu. Anasema nizuie, warudi chini wakae ndani, kabla haijawa balaa."

"Mkurugenzi, wanakwenda vizuri. Niko hapa, nawaona. Fungua shule za Kalamba tu, uagize maji."

"Nimeshatoa amri," Kapinga alisema. "Kwa usalama wao."

Magari mawili ya askari wa jiji yalifika na kujipanga kukata barabara, pale kilele kinapoanza. Askari walikuwa wapole. Hilo ndilo lililomtia Namkunda wazimu. Walinyoosha mikono, wakasema samahanini, jamani, rudini majumbani, ni amri ya kuwalinda. Mstari ukasimama. Waliokuwa mbele hawakuweza kwenda, waliokuwa nyuma waliendelea kufika, na katika muda mfupi kile alichokitabiri Pacha kikaanza kuonekana kwa macho. Mtu juu ya mtu, na jua limechomoza.

Namkunda alikwenda kwa mkubwa wa askari, akabishana naye, akarudi, akapiga simu. Kapinga hakupokea. Alipiga tena. Alimpigia Deusi. "Nenda kwake ofisini. Gonga mlango mpaka afungue, umpe simu yako." Alitembea huku na huku kando ya vyuma vya mabawa, simu imemganda sikioni, akisikia hatua za Deusi kwenye ngazi, kisha sauti, kisha pumzi ya Kapinga.

"Pacha anasema nini sasa?" aliuliza Namkunda.

"Anasema warudi."

"Amepiga hesabu ya kuwarudisha kwa njia hiihii walikojazana? Wenye mikokoteni wageuze vipi? Au anahesabu kana kwamba watayeyuka hapa watokee ndani ya nyumba zao?"

Namkunda alisikia vitufe vikibonyezwa.

"Anahesabu tena," Kapinga alisema. "Nipe dakika chache."

"Hazipo! Mkurugenzi, nakuomba. Ofisi yako ina dirisha. Yafungue mapazia, utazame Shingoni."

Aliyasikia mapazia yakivutwa. Kisha mkubwa wa askari aligusa redio begani mwake, akasikiliza, akawapungia wenzake, na magari yakarudi nyuma.

Watu walivuka. Wengi walivuka wakiwa wameshikana mikono, wamelowa kama waliotoka mtoni. Lakini si wote. Kando ya barabara, mita chache tu kutoka pale yalipokuwa magari, Bi Mwajabu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, na kichwa cha Mzee Mbaraka kimelala mapajani mwake. Kijitambaa chenye maji kilikuwa juu ya paji la uso. Namkunda alipiga magoti akatafuta mshipa shingoni, akautafuta mkononi.

"Acha," Bi Mwajabu alisema. "Alishatangulia. Alipoona njia imefungwa alisema apumzike kidogo."

*

Alasiri ile mabawa yaligeukia Kalamba kama kanuni ilivyotaka, na upepo ukaja. Machimbo iliingia zambarau.

Jumapili Namkunda aliitwa ofisini. Walimnyang'anya kitambulisho mlangoni, wakamrudishia, kisha wakamnyang'anya tena. Hakuna aliyejua bado afukuzwe au la. Kapinga alionekana kama mtu aliyeugua. Waliokufa mlimani walikuwa wengi. Waliobaki Machimbo wakafa walikuwa wengi kidogo kuliko hao. Ukiwajumlisha wote hawakufika mia mbili, lakini joto nalo halikufika pale Pacha aliposema; wingu lilipita saa tisa, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Baraza linataka jibu moja," Kapinga alisema. "Ungenyamaza, wangekufa wangapi? Kaa kwa Pacha. Mpe Ijumaa kama ilivyokuwa kweli, na wingu lake, halafu upige hesabu watu wote wakiwa majumbani. Mimi sitagusa kitu. Nakuamini hutadanganya."

Alikaa mbele ya Pacha mchana kutwa. Aliingiza kila kitu: wingu, vihisi, magari ya askari, nusu saa ya kuzuiwa. Mara mbili alikuta mahali ambapo angeweza kusogeza makisio kidogo upande wake bila mtu yeyote kugundua, hata Deusi. Aliyaacha. Jibu lilipotoka alilisoma akiwa amesimama. Kisha, kwa sababu ya mazoea tu, akafungua utabiri wa wiki inayofuata, akautazama mpaka macho yakamuuma. Alizima skrini, akashuka, akaelekea Kalamba.

Watu wa Machimbo walikuwa wamewekwa kwenye shule ya msingi. Wenyeji walileta sufuria na maji, wengine kwa moyo mweupe, wengine wakinung'unika. Bi Mwajabu alikuwa katika darasa la mwisho, amekaa mkekani pamoja na wanawake wawili waliokuja kumhani, kaniki amejifunga kichwani. Namkunda alivua viatu mlangoni.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

Alikaa chini. Namkunda alikuwa ameandaa maneno njiani, akayaacha.

"Wamenituma nipige hesabu," alisema. "Kama nisingewaambia, wangekufa wangapi. Nimeipiga."

"Enhe."

"Ni sawasawa. Tofauti ni ndogo mno, ndogo kuliko makosa ya hesabu yenyewe. Nisingesema neno, wangekufa wengine, majina mengine, lakini idadi ingekuwa karibu hiyohiyo." Alimtazama usoni. "Na Mzee huenda angekuwa hai. Huenda asingekuwa. Kwa mtu mmoja Pacha hawezi kusema."

Nje watoto walikuwa wanagombea bomba. Bi Mwajabu aliinamisha kichwa, akanyoosha pindo la mkeka lililojikunja, akalinyoosha tena.

"Kwa hiyo kompyuta yenu inasema ni sawasawa."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwepo. Si sawasawa." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu. "Mbaraka alikufa anajua anakokwenda na kwa nini. Alichagua mwenyewe, nilimwona anavaa viatu. Hao wa miaka yote iliyopita walikufa wanangoja kitu ambacho nyinyi mlijua hakiji. Hesabu ikishindwa kuona hapo, basi kuna kitu haijui. Siko hapa kukushukuru, mwanangu. Wala usiniombe radhi, sina nafasi hiyo leo. Wewe na wakubwa zako mmeniua mimi pia. Ila nina shida moja na wewe. Ulitujia Alhamisi mchana, wakati ulijua tangu Jumatano. Ungetujia Jumatano, mume wangu angepanda mlima ule jioni, taratibu, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa, na hakuna askari ambaye angekuwa ameshatumwa kutuzuia."

Ilikuwa kweli, na Pacha asingeweza kumtoa Namkunda hapo. Alitazama mlangoni, ambako mwanga ulikuwa mweupe na mzito, usio na upepo. Aliukumbuka utabiri aliouacha kwenye ile skrini. Kitambulisho hakuwa nacho tena. Pengine ofisi hakuwa nayo tena pia, na hakuna aliyempa ruhusa ya kusema kitu chochote kwa mtu yeyote.

"Alhamisi hii," alisema. "Mama, joto lile linarudi Machimbo Alhamisi hii, na ni baya kuliko la Ijumaa. Leo ni Jumapili."

Mmoja wa wale wanawake alishika mdomo. Bi Mwajabu aliweka kiganja sakafuni, akajiinua kwa taabu, akaenda mlangoni na kuanza kuwaita watu.